Subukia: Ukiahidiwa ndovu wa ratili mia, uliza maswali kwanza

Ukisafiri kutoka Nakuru kwenda Nyahururu, mpenzi msomaji, usilale ndani ya matatu. Wengi hufanya kosa hilo na hukosa mandhari yenye uzuri usio kifani. Gari likishaipita Maili Kumi na Bahati, barabara huanza kuteremka kwa mizunguko, na bonde la Subukia hujitandaza mbele yako kama mkeka. Utaona mashamba ya mahindi na maharagwe, ng'ombe wa maziwa wakijilia nyasi zao bila haraka, na mapaa ya mabati yakimetameta juani. Mstari wa ikweta hupita papa hapa. Waumini wa Kikatoliki nao wanapafahamu mahali hapa kwa sababu ya Madhabahu ya Kitaifa ya Bikira Maria, ambayo huvutia mahujaji kutoka pembe zote za nchi.

Lakini Jumapili hii sikukuita tuzungumzie mahindi wala madhabahu. Nataka tuzungumzie ndovu.

"Ndovu wa Subukia?" utauliza. La, Subukia ni mashamba matupu. Hata Mbuga ya Ziwa Nakuru, ambayo wanafunzi wengi wameitembelea, ina faru, nyati, twiga na simba, lakini haina ndovu hata mmoja. Anayetaka kumwona ndovu kutoka hapa hana budi kuupanda ukingo wa bonde, apite Nyahururu yenye maporomoko yake ya karibu mita 70, kisha ashike njia ya Rumuruti kuelekea nyanda za Laikipia. Hata hivyo, ni habari za ndovu zilizokaribia kumpokonya mjomba wangu mitamba wawili, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

PICHA KWENYE SIMU

Nilifika kwa mjomba siku ya Jumamosi mchana. Baada ya chai na mahindi ya kuchoma, alitoa simu yake mfukoni na kunipa.

"Mpwa wangu, wewe unafanya kazi na watu wanaosoma. Hebu niambie, hii ni kweli?"

Ilikuwa picha ya zamani, isiyo na rangi, ya mwanamume amesimama katikati ya pembe mbili za ndovu zilizompita urefu. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba ndovu wa pembe za ratili 100 kila moja wanapatikana Laikipia, "uhakika asilimia mia", na kwamba nafasi ni chache.

Mambo yalikuwa hivi. Binamu yangu, mwana wa mjomba, ni dereva wa tajiri mmoja huko Doha. Tajiri huyo hupenda kuwinda, na siku moja ndani ya gari alimwuliza dereva wake: "Wewe si Mkenya? Nitafutie ndovu mkubwa." Kijana akaona mlango wa riziki umefunguka. Akatafuta, akakutana kwa simu na jamaa mmoja wa Nairobi anayejiita wakala wa safari. Wakala akataka arubuni ya shilingi 180,000 ili "kushika nafasi", naye tajiri angerudisha fedha hizo mara kumi akishafika. Kijana hakuwa na kiasi hicho. Akampigia babake. Babake akaanza kuwatazama mitamba wake wawili, wote wenye mimba.

Nilimwambia mjomba jambo la kwanza bila kupepesa macho: Kenya hakuna uwindaji wa ndovu. Serikali iliupiga marufuku uwindaji wote mwezi wa Mei 1977, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya nyara za wanyama. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Anayekuuzia nafasi ya kumwinda ndovu Laikipia anakuuzia hewa, na hewa yenyewe ina harufu ya jela.

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa. Lakini tuseme si Kenya. Tuseme ni nchi inayoruhusu. Hizi ratili mia zipo?"

Hilo, msomaji, ni swali zuri kuliko nilivyotarajia, nasi tulikesha tukilijibu.

PEMBE AMBAZO SI PEMBE

Tuanze na yale ambayo mwanafunzi anaweza kuandika daftarini. Tunazoziita pembe za ndovu si pembe hata kidogo. Ni meno, meno ya mbele ya taya la juu ambayo hayakomi kukua mnyama anapoendelea kuishi. Pembe za jike huwa nyembamba, nazo hazinenepi sana hata uzeeni. Za dume huendelea kurefuka na kunenepa, na sehemu kubwa ya uzito wake huja katika miaka ya mwisho mwisho ya maisha. Ndovu akiwa na bahati huishi miaka 60 hivi.

Pili, macho hudanganya. Kati ya robo na theluthi ya pembe imejificha ndani ya fuvu, na sehemu hiyo iliyo ndani ina uwazi, si meno matupu. Ndovu kijana mwenye kichwa kidogo huonekana ana pembe ndefu. Mzee mwenye kichwa kipana huonekana ana pembe za kawaida, kumbe ndiye mwenye uzito. Tena kila ndovu ana upande anaoupendelea, kama wewe na mkono wako wa kulia au wa kushoto. Pembe ya upande huo huchimba na kubandua magome, hivyo huwa fupi kuliko mwenzake.

Tatu, unene hushinda urefu. Chukua pembe mbili zenye urefu sawa, moja ina mzingo wa sentimita 40 na nyingine sentimita 50. Mzingo umezidi kwa robo tu, lakini ukipiga hesabu utakuta uzito umezidi kwa zaidi ya nusu. Mwalimu wa hisabati anaweza kulithibitisha hilo ubaoni kesho asubuhi.

Ndiyo maana wenye ujuzi hawasemi "pembe ndefu", wanataja uzito. Ratili 100, yaani kilo 45 hivi, ndiyo mpaka wa wale ndovu wanaosifiwa duniani kote, na hao siku hizi wanahesabika. Katika nchi zinazoruhusu uwindaji, mwindaji mkweli hutarajia kidogo zaidi. Kanuni za Tanzania, kwa mfano, ziliweka kima cha chini cha kilo 20 za uzito, au sentimita 160 za urefu. Kilo 20 ni ratili 44. Tena hicho ndicho kipimo cha ndovu anayeruhusiwa, wala si kipimo cha ndovu wa kila siku. Wapo wengi ambao hawakifikii kamwe.

Mjomba alicheka aliposikia hayo. Marehemu babake, alisema, aliwahi kuwabebea mizigo wawindaji wa kizungu enzi za ukoloni. "Alikuwa akituambia kwamba mzungu alitembea wiki tatu, akaona ndovu wengi kuliko ng'ombe wa kijiji kizima, na bado akarudi akinuna. Pembe zilikuwa za kawaida."

WAKUBWA WALIKWENDA WAPI?

Babu hakutia chumvi. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda huku kwetu. Alipita Naivasha na Njoro, na katika misitu ya Mlima Kenya akaua dume lake la kwanza. Alikuwa na bunduki bora, waongozaji hodari na wapagazi wengi kama jeshi. Pembe mbili za ndovu huyo zilikuwa na uzito wa ratili 130 kwa pamoja, yaani 65 kila moja. Kama mtu kama huyo, katika zama za ndovu tele, alipata ratili 65, wewe wa leo unayetuma arubuni kwa simu utarajie nini?

Lakini zile picha za kale pia si za uongo. Mwaka wa 1898, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliuawa ndovu ambaye pembe zake ndizo kubwa kuliko zote zinazojulikana. Kila moja ilizidi ratili 200 na urefu wake ulipita mita tatu. Ziliuzwa Unguja, kwenye soko kuu la pembe la pwani yetu, na hatimaye zikaishia katika jumba la makumbusho mjini London.

Na hapa Kenya tulikuwa na Ahmed wa Marsabit. Mwaka wa 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalum ya kumlinda, na walinzi wenye silaha wakamfuata porini kama kiongozi wa nchi. Alikufa kwa uzee mwaka wa 1974, akiwa na umri wa miaka 55 hivi. Pembe zake zilipopimwa zilikuwa karibu kilo 67 kila moja, takriban ratili 148.

Angalia jambo moja katika habari za Ahmed. Pembe hizo zilitokana na miaka aliyoachwa aishi. Laiti angalipigwa risasi akiwa na miaka 30, angalikuwa ndovu wa kawaida tu, na leo hakuna ambaye angalijua jina lake.

Wenzake wengi hawakuachwa. Mwaka wa 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989 walibaki 16,000 hivi. Majangili walianza na wenye pembe kubwa, kisha wakashuka hadi kwa majike na vijana. Mwaka huo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe duniani. Mwezi wa Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma nyingine tani 105. Idadi imepanda tena polepole. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini. Hata hivyo, idadi inaweza kupanda kwa miaka 30 na pembe kubwa zisirudi, maana waliozaliwa baada ya balaa hilo bado ni vijana.

Basi piga hesabu nami. Ndovu wa ratili mia ambaye bado anatembea leo, kwa kawaida alizaliwa miaka ya 1970. Amezikimbia bunduki za miaka ya 1970 na 1980, ukame, mishale ya sumu na nyaya za mitego. Satao wa Tsavo aliyakwepa hayo yote, kisha akauawa kwa mshale wa sumu mwezi wa Mei 2014. Tim wa Amboseli alijaliwa kufa kifo cha kawaida mwezi wa Februari 2020, akiwa na miaka 50 hivi. Ukimwangusha mmoja wa aina hiyo leo, wa kuchukua nafasi yake huenda hajazaliwa. Utamngoja hadi miaka ya 2070.

UPANDE WA PILI WA MPAKA

Ndovu hawajui mpaka wala pasipoti. Wale wa Amboseli huvuka hadi Tanzania, nchi ambayo uwindaji wa kulipia ni halali. Mwaka wa 1994 madume ya Amboseli yaliuawa na wawindaji upande wa pili, kelele zikapigwa, na nchi hizi mbili zikafikia maelewano ya kuwaacha ndovu wa mpakani. Maelewano hayo yalidumu karibu miaka 30. Kuanzia Septemba 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024, madume yasiyopungua matano yaliuawa katika eneo la Enduimet, jirani na Amboseli, na baadhi yao walikuwa wa pembe kubwa sana.

Wanaotetea uwindaji husema fedha zake husaidia vijiji na kulinda mapori yasiyo na watalii. Wanaoupinga husema madume wachache waliobaki ni hazina ya nchi zote mbili, na kwamba watalii huwapiga picha kwa miaka mingi, ilhali mwindaji hulipia mara moja. Sitakuamulia, msomaji. Lakini kwa aliyeuliza ratili mia ziko wapi, jibu ni kwamba zimebaki kwenye vichwa vichache sana, na vingi vya vichwa hivyo vina majina.

SWALI LA MAMA WA RUMURUTI

Wakati huo wote dada ya mke wa mjomba, aliyekuja kutembea kutoka Rumuruti, alikuwa kimya akipepeta maharagwe. Kisha akasema:

"Ninyi wa mjini mnampenda ndovu kwenye picha. Mimi nampenda akiwa kwenu. Mwaka jana walikula ekari moja na nusu ya mahindi yangu usiku mmoja. Si afadhali huyo tajiri aje ampige mmoja, atulipe?"

Kikao kilipoa. Mama huyu hakuwa na kosa. Sheria ya 2013 ilitaja fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na fidia ya mazao pia, lakini waathiriwa wengi wamelalamika kwamba malipo huchukua miaka. Mwenye njaa hawezi kula faili.

Nilimjibu kwa heshima. "Mama, mwindaji hamchagui ndovu aliyekula mahindi yako. Anamchagua mwenye pembe. Anaweza kumwangusha mzee mtulivu, na wale wakorofi wakabaki."

Nikamsimulia yaliyotokea Pilanesberg, Afrika Kusini, katika miaka ya 1990. Ndovu vijana waliokuwa mayatima walihamishiwa huko bila wazee. Walipobalehe waligeuka wahuni, wakaua faru zaidi ya 40. Mwaka wa 1998 yaliletwa madume sita makubwa kutoka mbuga ya Kruger. Vijana wakatulia, na mauaji ya faru yakakoma. Wazee walikuwa wamerudisha adabu nyumbani.

"Kama kwa watu," alisema mjomba.

"Kama kwa watu," mama akakubali, "lakini mahindi yangu yameliwa."

Naam. Nililokuwa nalo la kumwambia ni habari za ua wa umeme. Ua wa Aberdare, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulikamilika mwaka wa 2009 na kuwapa wakulima wengi wa pande zile usingizi. Laikipia nako kuna nyua, ingawa hazifiki kila mahali na ndovu wajanja huzivunja. "Basi waulete kwangu," alisema, akarudia maharagwe yake. Sikuwa na la kuongeza. Anayetaka ndovu wazee waishi ana deni kwa mama huyu, na deni hilo halilipwi kwa hotuba.

MASWALI MATATU

Usiku huo tulimpigia binamu simu Doha. Tulimwambia amwulize wakala maswali matatu, nami nakupa wewe pia, kwani walaghai wa aina hii hawaishi. Kwanza, ni sheria gani ya nchi gani inaruhusu jambo hili, na kibali kinatolewa na ofisi gani? Pili, anawezaje kuahidi uzito wa pembe za mnyama wa porini ambaye hajapimwa? Hata mwindaji halali hununua siku za kutafuta, hanunui ratili. Tatu, kwa nini arubuni itumwe kwa simu ya mtu binafsi, tena leo leo?

Binamu aliyauliza maswali hayo asubuhi iliyofuata. Wakala alijibu la kwanza kwa matusi. Kufikia adhuhuri simu yake ilikuwa imezimwa, na haijawashwa hadi leo.

Lililobaki lilikuwa kumweleza tajiri. Kijana aliogopa kupoteza kazi, lakini alisema ukweli: Kenya hairuhusiwi, na kwingineko ratili mia ni ndoto. Tajiri alikaa kimya hadi taa mbili za barabarani. Kisha akauliza kama kuna mahali anapoweza kumwona ndovu wa namna hiyo akiwa hai, yeye na watoto wake. Binamu alimtajia Tsavo na Amboseli, bila kumwahidi chochote.

Nawe msomaji, huhitaji utajiri wa Doha. Ukiwa Nairobi, wapeleke watoto kwenye Jumba la Makumbusho ya Kitaifa wakaone sanamu ya Ahmed. Mwambie mtoto asimame kando yake, na umwulize ni miaka mingapi ilihitajika pembe zile zikue. Ukiwa Nakuru, panda matatu ya Nyahururu, na ukifika Subukia ufungue macho. Mjomba yuko pale. Mtamba mmoja amekwisha kuzaa, na mwingine anatarajiwa mwezi ujao.